Tukamtafute Simba Wenyewe

Mhadhara kwa wakazi wa Vingunguti, Dar es Salaam

 

Nimeombwa nizungumze juu ya likizo za kutazama wanyamapori. Nitaanzia mbali, katika nchi ambazo watu husafiri siku nzima kumtafuta mnyama mmoja tu, chui milia. Afrika haina chui milia wa porini. Lakini kisa chake kinatuhusu, kwa sababu sisi simba wako saa chache kutoka hapa tulipoketi, na wengi wetu hatujawahi kuwaona ila kizimbani, msimu wa maonyesho ya Sabasaba, katika banda la Wizara ya Maliasili.

Hoja yangu ni moja. Mnyama mkali hudumu pale ambapo wenye nchi wana desturi ya kwenda kumtafuta, na wako tayari kumtendea haki mwanakijiji anayelala karibu naye. Akiachiwa mgeni na askari peke yao, anaweza kuisha na sisi wa mjini tusijue.

Chui milia na wenye nchi

Chini ya milima ya Himalaya, pande za India na Nepal, kuna ukanda wa nchi tambarare unaoitwa Terai. Ni nchi ya mito mipana, misitu mizito na nyasi zinazomfunika mtu mzima. Huko ndiko kwenye hifadhi ya Chitwan ya Nepal, iliyoanzishwa mwaka 1973, na karibu na ukanda huohuo ndiko India ilikotenga hifadhi yake ya kwanza ya taifa mwaka 1936. Hifadhi hiyo leo inaitwa Corbett.

Jina hilo lina kaburi Afrika Mashariki. Jim Corbett alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875, akawa mwindaji aliyeitwa na vijiji pale chui milia alipoanza kula watu. Mwaka 1907 alimuua jike mmoja wa Champawat aliyesemekana kuua watu 436. Baadaye aliwafuata wanyama walewale akiwa na kamera, akapigania kutengwa kwa hifadhi. Mwaka 1947 alihamia Kenya, akaishi Nyeri, na huko alifariki mwaka 1955 na kuzikwa. Mtu aliyewajua chui milia kwa ukali wao kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake alimaliza maisha akiwatetea. Aliwaona kwa macho, akajua kwamba wengi wa walioua watu walikuwa na majeraha au wazee, wasioweza tena kukimbiza mawindo yao.

Mwaka 1973 serikali ya India ilianzisha mpango wa taifa wa kumlinda chui milia. Haikuwa kazi safi isiyo na machozi. Vijiji vilihamishwa, India na Nepal pia, na wako watu wanaokumbuka jambo hilo kwa uchungu mpaka leo. Lakini taratibu likajengeka jambo ambalo sisi hatujalijenga. Wahindi wenyewe, walimu, makarani, wafanyabiashara, wakaanza kwenda. Ukiingia leo Ranthambore, Kanha au Bandhavgarh alfajiri, wengi utakaowakuta kwenye magari ya wazi ni raia wa India na watoto wao, wamejifunika mablanketi kwa baridi, wananong'ona.

Tazameni desturi hiyo ilivyozaa matunda. Katika miaka ya 2004 na 2005 iligundulika kwamba hifadhi ya Sariska, iliyo karibu na jiji la Delhi, haikuwa na chui milia hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza. Wageni walikuwa wakiingia na kulipa kama kawaida, kwa hiyo kiingilio peke yake hakikuwa kinga. Kilichofuata ndicho muhimu. Habari ilijaa magazetini, watu wakakasirika kama walioibiwa nyumbani kwao, na Waziri Mkuu akaunda kikosi maalumu cha kuchunguza. Mamlaka mpya ya kusimamia hifadhi hizo ikaundwa. Mwaka 2008 chui milia walichukuliwa Ranthambore wakapandikizwa upya Sariska. Makadirio ya mwaka 2006 yalisema India nzima ilikuwa na chui milia 1,411. Ya mwaka 2022, yaliyofanywa kwa kamera nyingi zaidi na njia bora zaidi, yalisema hawapungui 3,100. Nepal nayo ilitoka 121 mwaka 2009 hadi 355 mwaka 2022, na sheria yake inaagiza kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka.

Chui wa Unguja

Sasa tuvuke bahari yetu wenyewe. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo wa umbo kuliko wa bara, mwenye madoa madogo yaliyosongamana. Alikuwa ndiye mnyama mkubwa kuliko wote walao nyama kisiwani. Leo ukienda hifadhi ya Jozani utaonyeshwa kima punju, na ni vema uende. Chui hutaonyeshwa.

Ilikuwaje? Misitu ilikatwa na mashamba yakapanuka. Lakini palikuwa na jambo lingine. Watu wengi waliamini kwamba wachawi hufuga chui na kuwatuma wadhuru jirani. Mnyama akawa si mnyama tena, akawa silaha ya adui. Baada ya Mapinduzi ya 1964 msako wa wachawi uliungana na msako wa chui, ukiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na chui wengi wakauawa. Uwindaji uliendelea miaka iliyofuata. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha picha fupi iliyonaswa usiku na kamera msituni, ya mnyama anayefanana na chui, lakini picha hiyo haikutosha kuwakubalisha wataalamu wote kwamba bado yupo. Kilichobaki bila shaka ni ngozi na mizoga michache iliyokaushwa kwenye majumba ya makumbusho.

Sisemi haya kuwalaumu ndugu zetu wa Unguja. Mkulima aliyepoteza mbuzi wake usiku ana haki ya kuogopa na kukasirika. Nasema kwamba mnyama anayejulikana kwa hofu tu hana wakili. Siku ya hukumu yake hakuna anayesimama na kusema: mimi nimemwona, namjua, muacheni.

Mto, reli na meno 706

Turudi nyumbani. Kusini mwa jiji hili kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Ina kilomita za mraba 30,893 na ni miongoni mwa hifadhi kubwa kuliko zote Afrika. Kwa asili ni nchi ya chini, ya joto, yenye miombo, mivumo na mto Rufiji unaojigawa na kuacha maziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Simba wapo, chui wapo, na mbwa mwitu, ambao wametoweka katika sehemu kubwa ya Afrika, wana moja ya ngome zao kuu humo.

Hifadhi hii si ya mbali nasi kama tunavyodhani. Umeme unaowasha taa hizi una sehemu inayotoka Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililojengwa kwenye korongo la Rufiji katika eneo hilohilo. Reli ya TAZARA, ambayo stesheni yake kuu iko jirani yetu, hukata upande wa kaskazini wa hifadhi, hupita Fuga, Kisaki na Matambwe, na abiria wa treni hiyo wamewaona twiga na tembo dirishani tangu miaka ya sabini. Tunaishi mlangoni.

Mwalimu Nyerere, ambaye hifadhi inaitwa kwa jina lake, aliiahidi dunia katika Azimio la Arusha la uhifadhi, Septemba 1961, kwamba tutawalinda wanyama hawa kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Pia anakumbukwa kwa kusema wazi kwamba yeye binafsi hakuwa mtu wa kutumia likizo yake akitazama mamba, ila alijua kwamba wageni wanapenda, na nchi changa ilihitaji fedha zao. Alisema ukweli wa wakati wake. Lakini tukaishia hapo. Kwa miaka mingi tukaamini kwamba wanyama ni wa kutazamwa na Mzungu, kazi yetu ni kumpikia na kumwendesha.

Tuliyalipia mawazo hayo. Mwaka 1976 Selous ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Waliuawa sana miaka ya themanini, wakaongezeka tena baada ya dunia kupiga marufuku biashara ya meno yao, kisha wakaanza kupungua upya, na hesabu ya mwaka 2009 ikatoa karibu 39,000. Mwaka 2013 walihesabiwa kama 13,000. Katika miaka minne walipotea wawili katika kila watatu. Mwaka uliofuata UNESCO iliiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Na meno yalipita wapi? Yalipita hapa. Novemba 2013 polisi waliingia nyumba moja Mikocheni, eneo la makazi la Kinondoni, wakakuta meno ya tembo 706. Yalichanganywa na vitunguu saumu na makombe ili kuficha harufu na sura. Meno 706 ni zaidi ya tembo 350. Bandari ya Dar es Salaam ilitajwa duniani kote kama mlango wa biashara hiyo, na makontena yanayokwenda huko hupita barabara ya Mandela, hapo juu.

Linganisheni na Sariska. Wahindi walipopoteza chui milia wa hifadhi moja, taifa lilitikisika. Sisi tulipoteza tembo elfu ishirini na zaidi katika pori lililo jirani na jiji kubwa kuliko yote nchini, na vijiweni pa Dar es Salaam mazungumzo yalikuwa mengine. Walikuwapo wenzetu waliopiga kelele, waandishi, wanaharakati, askari wa wanyamapori waliokufa wakipambana, na wananchi walioandamana. Nawaheshimu. Lakini walikuwa wachache, kwa kuwa wachache ndio waliokuwa wamewahi kumwona tembo wa Rufiji akivuka mto na mtoto wake. Mtu hamlilii asiyemjua.

Wanaolala naye jirani

Hata hivyo, tusifanye likizo yetu kuwa starehe juu ya mgongo wa mtu mwingine. Watafiti waliohesabu mashambulizi ya simba Tanzania kuanzia 1990 hadi 2004 walikuta watu wasiopungua 563 wameuawa, na wengi walikuwa wa kusini mashariki: Rufiji, Lindi, Mtwara. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja wa Rufiji peke yake alihusishwa na vifo vya zaidi ya watu 30.

Tuangalie kwa karibu inavyotokea. Mahindi na mpunga vikikaribia kukomaa, nguruwe pori huja usiku kuvila. Mkulima asiye na uzio anajenga dungu, kichanja cha miti na makuti, analala humo shambani na familia yake ili kuwafukuza. Simba naye anamfuata nguruwe, na akiingia shambani anakuta binadamu kwenye kibanda kisicho na mlango. Ndiyo maana mashambulizi yalizidi kati ya Machi na Mei, msimu wa mavuno. Uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba siku za hatari zaidi ni zile zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi unachelewa kuchomoza na giza la mapema linampa simba mwenye njaa nafasi. Kujua hili ni kinga: kudhibiti nguruwe pori, kujenga madungu yaliyoinuka na kufungwa, na kutotembea saa hizo.

Serikali ina kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa uhai wa mtu. Nawageukia wafanyabiashara wa machinjio yetu. Ninyi mnajua kuliko wote bei ya ng'ombe aliyenona. Niambieni kama fedha hiyo ilimfuta mjane machozi, au ilimnunulia hata ng'ombe mmoja au wawili wa kuanzia maisha. Mnajua pia maana ya mfugaji kupoteza dume lake kwa simba usiku mmoja. Mfugaji huyo, akikosa msaada, huutia mzoga sumu ya shambani. Simba wanakufa, fisi wanakufa, na tai kwa makumi wanaotua juu yake wanakufa.

Ipo njia nyingine. Kandokando ya hifadhi ya Ruaha, vijiji vimekabidhiwa kamera zinazopiga picha zenyewe. Kila mnyama anayenaswa anakipa kijiji pointi, na mnyama adimu kama simba au mbwa mwitu ana pointi nyingi. Pointi hugeuzwa kuwa dawa za mifugo, vifaa vya shule na vya zahanati. Simba aliye hai akawa na faida inayoonekana darasani.

Namna ya kumtafuta

Basi twende, na twende kama watu wenye akili. Barabara ya kwenda lango la Mtemere inapita Mbagala, Mkuranga na Kibiti, kisha unashika njia ya Mloka, kijiji kinachopakana na hifadhi. Wanaotaka safari fupi wana Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na tangu treni ya umeme ianze safari za Morogoro mwaka 2024 njia hiyo imekuwa nyepesi. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Maji yamekauka porini, na wanyama wanasogea maziwani na mtoni. Masika njia nyingi za Nyerere hazipitiki. Msivae nguo nyeusi wala za buluu iliyokoza, maana mbung'o huzifuata. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Gharama kubwa ni gari, na gari hugawanywa.

Mkifika, msimsukume dereva akimbize gari kutoka simba hadi simba. Mwambieni azime injini. Msikilize. Swalapala wakimwona chui hukoroma kwa kishindo cha pua, tena na tena, wote wakitazama upande mmoja. Tumbili hupiga kelele kali juu ya mti, wakiangalia chini. Twiga aliyesimama bila kutafuna, masikio mbele, ameona kitu. Tai wakishuka kwa mfululizo mahali pamoja, kuna mzoga. Someni ardhi pia. Unyayo wa simba na wa chui hauna alama za kucha, kwa sababu paka hawa hutembea wamezirudisha ndani. Unyayo wenye kucha zilizochoma mchanga ni wa fisi au mbwa mwitu. Chui hupandisha nyama mtini, kwa hiyo angalieni matawi mazito ya mikwaju na mibuyu kando ya maziwa, mtafute mkia unaoning'inia.

Na msipomwona simba, bado mmefanya kazi. Mtoto wa Vingunguti aliyesikia swalapala wakikoroma na kuuona unyayo mbichi kwenye mchanga wa Manze amejifunza kwamba pori linasomeka, na kwamba lina wenyewe, naye ni mmoja wao.

Nina mapendekezo matatu, na naomba tuyajadili kabla hatujatawanyika.

La kwanza ni kwa vikundi vya vikoba, vile vya kuweka na kukopa. Tengeni mzunguko mmoja kila mwaka uwe wa safari. Kodisheni Coaster, chukueni wanafunzi na walimu wao pamoja na wazazi. Safari ya shule isiwe ya watoto wa shule za ada kubwa tu.

La pili, mkifika Mloka, laleni kijijini, nunueni chakula kwa kina mama wa pale, lipeni mwongozaji wa pale. Sikilizeni habari zao za tembo shambani kabla hamjaingia getini. Fedha yenu iguse mkono wa anayelala jirani na simba.

La tatu ni la uraia. Mto Msimbazi unaopita nyuma ya nyumba zetu unaanzia vilima vya Pugu, kwenye msitu uliohifadhiwa, ambao umekatwa kwa mkaa tunaoununua sisi. Kudai uhifadhi kuanzie hapo. Kisha mbunge au diwani atakapokuja kuomba kura, muulizeni maswali haya hadharani: kifuta machozi cha mkulima wa Rufiji ni kiasi gani leo, na kinalipwa baada ya miezi mingapi? Mapato ya hifadhi yanarudi vijijini kwa asilimia ngapi? Kontena linalokwenda bandarini linakaguliwa vipi? Wakati huo msiulize kama wasomaji wa magazeti. Ulizeni kama watu waliotoka kuwaona wanyama wao na wanataka hesabu yao.